Kozi ya udereva wa lori: unalipia nini, na ulipe vipi?

Kila tunapogusa habari za ajira kwenye kipindi cha asubuhi, ujumbe mwingi unaoingia kwenye simu ya studio huuliza jambo moja: kozi ya lori ni shilingi ngapi, na chuo kipi ni kizuri? Si ajabu. Ukiishi Uyole, Mbalizi, Mlowo au Tunduma, malori yanapita mbele ya mlango wako usiku na mchana, yakielekea Zambia, Congo na Malawi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anayaona na kujiuliza kwa nini yeye asiwe mmoja wa wanaoyaendesha.

Swali hili nalijibu kama mtangazaji, na nalijibu kama dada pia. Miaka michache iliyopita mdogo wangu alilipiwa kozi ya magari makubwa kwenye shule moja ya udereva. Baba aliuza magunia 12 ya mahindi ili ada itimie. Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani na cheti chenye muhuri mkubwa. Nilipomuuliza lori ameliendesha mara ngapi, akanijibu, "Dada, lori lilikuwa moja na sisi tulikuwa 30. Mimi nimeliendesha mara mbili, tena kiwanjani." Kampuni ya kwanza aliyokwenda kuomba kazi haikukitazama kile cheti kwa muda mrefu. Ilimpa ufunguo na kumwambia arudishe tela nyuma, aliingize kati ya mapipa mawili. Alishindwa, akashukuru, akarudi nyumbani. Mahindi yalikuwa yameshaliwa na watu wengine.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukumbuka katika makala haya ni hili: pesa unayolipa chuoni inanunua saa za kukaa kwenye usukani wa lori ukiwa na mwalimu pembeni. Leseni haiuzwi na chuo, na kazi haiuzwi na chuo. Ukishalielewa hilo, maswali mengine yote, ya chuo gani, bei gani na ulipe kwa utaratibu gani, yanakuwa rahisi.

Kwanza, jua daraja la leseni unalolitafuta

Leseni za udereva Tanzania zimegawanywa kwa madaraja, na watu wengi hulipia kozi kabla ya kujua wanaelekea daraja lipi. Hayo yafuatayo ndiyo yanayomhusu anayetaka lori.

Daraja B ni la magari madogo ya binafsi. Haliruhusu gari la biashara, gari kubwa wala gari la abiria.

Daraja D linaruhusu magari yote isipokuwa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Hili ndilo la magari ya mizigo midogo.

Daraja E linaruhusu magari yote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Hili ndilo daraja la malori makubwa, yakiwemo ya kichwa na tela.

Daraja C, pamoja na C1, C2 na C3, ni la magari ya abiria. Wengi huchanganya C na E. Ukitaka kuendesha basi la abiria 30 au zaidi unahitaji C, na ili uipate ni lazima uwe umekaa na daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo aliyeanza na lori hajajifungia mlango wa basi, ila hawezi kuliruka daraja.

Daraja H ni leseni ya kujifunzia. Bila hiyo hutakiwi kushika usukani barabarani hata ukiwa na mwalimu.

Ukiona tangazo linalosema "kozi ya lori kwa anayeanza sifuri, wiki mbili, unatoka na daraja E", simama hapo hapo. Anayeanza sifuri anahitaji kwanza kujua gari dogo, sheria na alama za barabarani. Vyuo makini humtaka anayejiunga na kozi ya magari makubwa awe tayari na leseni na amekwisha kuendesha kwa muda. Uliza chuo kinataka leseni ya daraja gani na uzoefu wa muda gani. Chuo kisichokuuliza chochote kinataka pesa yako tu.

Nani anatoa nini

Hapa ndipo matapeli hupata nafasi, kwa sababu mwombaji hajui ofisi ipi inahusika na nini. Mgawanyo ni huu.

Chuo kinakufundisha na kukupa cheti cha mafunzo. Kazi yake inaishia hapo.

Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, ndilo linalokupima. Mtahini wa polisi ndiye anayeamua kama unafaa kwa daraja unaloomba na kukupa cheti cha umahiri.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndiyo inayopokea malipo na kutoa leseni yenyewe. Utahitaji kitambulisho cha Taifa na namba ya mlipakodi, na alama za vidole vyako zitachukuliwa. Tangu Julai 2019 leseni inadumu miaka 5, na ada yake iliwekwa shilingi 70,000.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Kuwa na leseni hakuondoi hatua hii. Muulize mwajiri au ofisi ya LATRA ya mkoa wako ni nini kinachotakiwa kwa aina ya gari utakaloendesha.

Mtu yeyote anayekuambia kwamba kwa kiasi fulani cha pesa atakupitisha ofisi zote hizo bila wewe kufika, anakuuzia kesi. Leseni isiyo na mafunzo wala mtihani nyuma yake hukaa mfukoni kimya mpaka siku ya ajali. Siku hiyo polisi na kampuni ya bima ndio watakaoifungua historia yake.

Aina za vyuo

Kwa ujumla una njia tatu.

Ya kwanza ni vyuo vya serikali. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kinatoa kozi za madereva, zikiwemo za magari ya abiria na za magari makubwa ya mizigo. Vyuo vya VETA vipo mikoani, na kadhaa kati yake vina kozi za udereva. Usidhani kila VETA ina lori la kufundishia. Piga simu uulize kabla ya kupanda basi.

Ya pili ni shule binafsi za udereva. Zipo nzuri sana, na zipo zenye gari moja bovu na bango jipya. Shule ya udereva inatakiwa kuwa na kibali. Omba kukiona, angalia kama muda wake haujaisha, kisha pita ofisi ya usalama barabarani ya wilaya uulize kama wanaitambua. Kama chuo kinajitangaza kuwa cha ufundi stadi, usajili wake unauliziwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Ya tatu ni mafunzo ya ndani ya kampuni ya usafirishaji. Baadhi ya kampuni kubwa huchukua madereva wenye leseni na kuwanoa wenyewe kabla ya kuwakabidhi gari. Njia hii ni ya bei nafuu kuliko zote, lakini inamtaka mtu ambaye tayari ana leseni na ana mtu wa kumdhamini.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Nenda chuoni mwenyewe, siku ya kazi, saa ambazo masomo yanaendelea. Usimalize mambo kwa simu. Ukifika, uliza haya na uyaandike majibu.

Malori ya kufundishia ni mangapi, na leo yako wapi? Lori lililoko gereji tangu mwezi uliopita halihesabiwi.

Ni lori zima au ni kichwa na tela? Mtu aliyefundishwa kwa fuso peke yake bado hajajifunza tela.

Wanafunzi ni wangapi kwa lori moja? Kila mmoja anapata saa ngapi za usukani, na saa hizo zinaandikwa wapi?

Je, tunatoka barabara kuu na kwenye milima, au tunazunguka kiwanjani tu? Je, tutaendesha likiwa na mzigo?

Mwalimu amewahi kuendesha lori safari ndefu, au amefundisha magari madogo maisha yake yote?

Nikishindwa mtihani wa polisi, narudia mafunzo kwa kulipa tena au mmeshaweka kwenye ada?

Kisha zungumza na wanafunzi nje ya geti, mbali na ofisi. Waulize swali lile nililomuuliza mdogo wangu: umeliendesha mara ngapi? Jibu lao lina uzito kuliko karatasi ya matangazo.

Piga hesabu ya saa, usitazame ada peke yake

Tuchukue mfano. Chuo cha kwanza kinatoza shilingi 450,000. Kina lori moja, wanafunzi 30, na mafunzo ya vitendo ni siku 15, saa 6 kwa siku. Hizo ni saa 90. Ukizigawa kwa wanafunzi 30, kila mmoja anapata saa 3. Kila saa moja ya usukani imekugharimu shilingi 150,000.

Chuo cha pili kinatoza shilingi 900,000. Kina lori moja, wanafunzi 10, siku 20, saa 6 kwa siku. Hizo ni saa 120, na kila mmoja anapata saa 12. Saa moja imekugharimu shilingi 75,000.

Chuo kilichoonekana ghali kimekuuzia saa kwa nusu ya bei. Hizi ni namba za mfano tu, lakini hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa chuo chochote ukiwa umesimama getini na simu yako. Chuo kikikataa kukutajia idadi ya wanafunzi au saa, umeshapata jibu.

Kozi nzuri ifundishe nini

Mtu anayeijua Toyota akipanda lori kwa mara ya kwanza hukuta mambo manne mageni.

La kwanza ni breki za upepo. Lori haliondoki mpaka upepo ujae kwenye matangi kufikia kiwango chake. Upepo ukivuja na kushuka sana, springi zinakamata magurudumu na gari linajifunga lenyewe. Dereva lazima ajue kusoma sindano ya upepo, kutoa maji kwenye matangi na kusikia mvujo kabla ya safari.

La pili ni mteremko. Hapa kwetu hili ni suala la uhai. Kitonga, Inyala, Iwambi, Senjele: kila anayesafiri barabara kuu ya kwenda Zambia anazijua sehemu hizi, na anajua kwa nini abiria hunyamaza wakifika hapo. Breki inayokanyagwa mfululizo na gari lenye mzigo hupata moto, na ikishapata moto hupoteza nguvu hata kama ni mpya. Madereva wazoefu wana kanuni yao: teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Gia ndogo iingizwe juu, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini ifanye kazi kubwa. Anayeweka nyutro ili aokoe dizeli anaokoa lita chache na kuhatarisha kila aliye mbele yake. Chuo kisichokupeleka mlimani hakijakufundisha lori.

La tatu ni tela. Kwenye kona, tela halipiti pale kilipopita kichwa. Linakata kuelekea ndani, na anayeendesha bodaboda pembeni ndiye anayebanwa. Ukirudi nyuma, usukani unauzungusha kinyume na upande unaotaka tela liende. Hilo haliingii kichwani kwa kuelezwa ubaoni, linaingia kwa kurudia mara nyingi.

La nne ni uzito. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019. Uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56, tena kuna kikomo kwa kila ekseli. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa mizani kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja. Dereva anayejua kupanga mzigo anamwokolea tajiri faini, na tajiri hulikumbuka hilo.

Ongeza na mwendo: sheria yetu inaweka kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na kilomita 50 kwenye makazi. Na kama unataka safari za nje, ujue kwamba Zambia na Malawi wanapita kushoto kama sisi, lakini ukiingia Rwanda, Burundi au Congo unahamia kulia.

Andika gharama zote, siyo ada tu

Familia nyingi hukusanya ada, kisha kijana anakwama katikati kwa sababu ya vitu vidogo. Kabla ya kuanza, andika kwenye daftari: ada ya chuo, leseni ya kujifunzia, ada ya mtihani, uchunguzi wa macho na afya, leseni yenyewe, picha, nauli, chumba na chakula kwa wiki zote za kozi. Kama unalenga safari za nje, ongeza pasipoti ambayo ni shilingi 150,000, na chanjo ya homa ya manjano. Weka pia akiba ya kurudia mtihani mara moja.

Kisha jumlisha miezi ya kusubiri kazi. Hii ndiyo gharama ambayo hakuna chuo kinachoitaja. Kampuni nyingi, kwa masharti yao na ya bima zao, hazimkabidhi semi mtu aliyetoka kozi juzi. Huenda ukaanza kama utingo, au na gari dogo la mizigo. Anayekopa kwa kutegemea kwamba atalipa mwezi mmoja baada ya kuhitimu, anakopa kwa ndoto.

Namna ya kulipa

Lipa kwa awamu inapowezekana. Kwa shule binafsi, omba ugawe mara tatu: sehemu ya kwanza wakati wa kujiandikisha, ya pili siku unayoanza kupanda lori, na ya mwisho saa zako za usukani zikishakamilika. Ukiwa umelipa yote siku ya kwanza, huna tena cha kushikilia lori likiharibika. Makubaliano yaandikwe, yakitaja idadi ya saa na nini kitatokea zisipotimia.

Lipa mahali panapoacha alama. Vyuo vya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile inayoitwa kontroo namba. Shule binafsi ikupe risiti ya mashine. Ukiambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mwalimu au "mratibu", usitume.

Pesa itoke wapi? Njia salama zaidi ni akiba ya familia na kikundi mnachofahamiana. Kikoba au SACCOS ambayo tayari wewe au mzazi ni mwanachama, masharti yake mnayajua na riba yake mnaijua.

Mwajiri anaweza kukulipia na kukukata kwenye mshahara. Si mbaya, lakini soma mkataba: wanakata kiasi gani kwa mwezi, kwa miezi mingapi, na ukiacha kazi inakuwaje? Kwa mujibu wa sheria ya ajira, mwajiri hatakiwi kukukata mshahara isipokuwa sheria inaruhusu au wewe umekubali kwa maandishi. Na usimwachie mtu cheti wala leseni halisi kama dhamana. Mpe nakala.

Wengi hutuuliza kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini inalenga miradi ya kuzalisha kipato, na si ada ya kozi ya mtu mmoja. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu nayo haihusiki na kozi fupi za udereva.

Inabaki mikopo ya mtaani na ya kwenye simu, kausha damu. Tupige hesabu tena kwa mfano. Umekopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi unadaiwa riba ya 100,000. Ukikaa miezi sita bila kazi na ukajikaza kulipa riba tu, umetoa 600,000 na deni lako la 500,000 bado lipo vile vile. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo midogo wenye leseni wasiopokea amana, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kama anayekukopesha hawezi kukuonyesha leseni ya Benki Kuu, tafuta njia nyingine au ahirisha kozi. Kozi ya mwakani ni bora kuliko deni la miaka mitatu.

Ahadi za kazi ya lori nje ya nchi

Siku hizi yapo matangazo ya kozi ya lori pamoja na "nafasi ya uhakika" Kanada, Ulaya au Uarabuni. Leseni yetu ya daraja E haikupi moja kwa moja haki ya kuendesha lori huko. Nchi hizo zina mitihani yao na taratibu zao za kibali cha kazi. Wakala anayekutaka utangulize pesa ya "viza" kabla hujaona mkataba wenye jina la mwajiri, muulizie kwanza TaESA, chombo cha serikali kinachohusika na huduma za ajira, kama anatambulika.

Baada ya kozi

Cheti ukishakipata, anza na unachopewa. Utingo wa lori hujifunza mengi: kufunga turubai, kukagua matairi, kusoma karatasi za mzigo, kuzungumza na watu wa mpakani. Ila usikubali kushikishwa usukani usiku dereva anapochoka kama huna leseni ya daraja lile. Ajali ikitokea, bima inaweza kukataa kulipa, na mahakamani mtasimama wote wawili.

Mdogo wangu alipita njia hiyo. Alikuwa utingo kwa miaka miwili kwa mzee mmoja wa Mbalizi, akiwa anaweka akiba kidogo kidogo kwenye kikoba cha mama. Kisha akarudi chuo kingine, mara hii akauliza maswali yale kabla ya kutoa hata shilingi. Leo anaendesha. Tukipiga hesabu nyumbani, kozi ile ya kwanza ndiyo iliyotugharimu zaidi, ingawa ada yake ndiyo iliyokuwa ndogo.

Kama upo njiani kulipia kozi, nakili maswali ya makala haya kwenye karatasi uende nayo chuoni. Na kama kuna jambo hatujaligusa, tutumie ujumbe kupitia namba ya studio wakati wa kipindi cha asubuhi, tutaliulizia kwa wahusika na kulijibu hewani.